Joto linalomfuata mzee chumbani

Dar es Salaam mwezi Februari haina usiku wa kupumzika. Jua likishazama joto hupungua kidogo tu, na siku nyingi halishuki chini ya nyuzi 25 mpaka alfajiri. Nje angalau kuna upepo wa kaskazi. Ndani ya chumba cha mabati yasiyo na dari, dirisha likiwa limefungwa kwa kuogopa wezi na mbu, hata upepo huo haufiki. Kijana atatoka akae barazani mpaka saa sita, atajimwagia ndoo ya maji, kisha atatandika mkeka sakafuni alale. Mzee wa miaka 78 mwenye magoti mabovu atabaki kitandani ndani ya chandarua, akigeuka huku na huku, akisubiri kukuche. Makala haya ni ya mzee huyo.

Tunapotaja joto kali, wengi wetu hufikiria jua la saa saba mchana: mbeba zege, mama anayeuza mboga kando ya barabara, dereva wa bodaboda. Hao wanaumia kweli. Lakini nchi zilizokaa zikachunguza vifo vya joto kimoja kimoja zimekuta sura nyingine. Katika jimbo la British Columbia, Kanada, joto la kiangazi cha 2021 liliua watu 619. Wachunguzi wa vifo walipopitia majalada, waliona kwamba asilimia 98 mauti yaliwakuta ndani ya majengo, asilimia 67 walikuwa na miaka 70 au zaidi, na zaidi ya nusu walikuwa wakiishi peke yao. Hawakufia juani. Walifia vyumbani mwao.

Pwani yetu haijaona nyuzi 49.6 kama zile zilizopimwa katika kijiji cha Lytton, British Columbia, wakati wa joto hilo, na ndiyo sababu husikia watu wakisema sisi joto tumelizoea. Tumelizoea, lakini la kwetu lina mwenzake, nao ni unyevu. Nyuzi 32 zikikutana na unyevu wa asilimia 70, mwili huhisi kama uko kwenye nyuzi 41. Mtungi hupoza maji kwa sababu yale yanayopenya kwenye udongo wake hukauka na kuondoka na joto. Mwili nao hujipoza hivyohivyo kwa jasho. Hewa ikishashiba unyevu jasho halikauki. Linatiririka tu, linaondoka na maji na chumvi, na joto linabaki ndani.

Hapo moyo ndio unaobeba mzigo. Unalazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwenda kwenye ngozi ili joto lipate pa kutokea, na unafanya hivyo mchana kutwa, na usiku usipopoa, usiku kucha. Moyo wa kijana unalimudu. Moyo uliopambana na presha kwa miaka 20 unaweza kushindwa usiku wa tatu au wa nne. Ndiyo maana wengi wanaouawa na joto hawaandikwi hivyo kwenye cheti. Huandikwa moyo, huandikwa kiharusi, huandikwa figo, na familia inazika ikiamini kwamba siku zake zilikuwa zimefika.

Uzee nao unaleta yake. Tezi za jasho huchelewa kufanya kazi na hutoa jasho kidogo. Kiu hupungua, kiasi kwamba mwili unaweza kuwa umepoteza maji mengi na mwenyewe asijisikie kutaka hata funda moja. Ukimpelekea bibi maji utasikia, "Yaweke hapo, mwanangu, nimeshakunywa." Ukirudi jioni kikombe kiko palepale kilipoachwa, kimejaa.

Lakini kuna sababu nyingine ambayo kila aliyelea mzee anaijua na haisemwi hadharani, nayo ni choo. Nyumba nyingi za uswahilini choo kiko uani. Kukifikia usiku ni kufungua komeo mbili, kushuka kizingiti, kupita kwenye saruji yenye utelezi mahali wanapooshea vyombo, na mara nyingi bila taa. Mzee akinywa maji saa mbili usiku anajua ataamka saa sita, na saa tisa, na kila mara atalazimika kumwamsha mjukuu ambaye kesho ana shule. Ana heshima zake, hataki kuwa mzigo. Kwa hiyo anaacha kunywa. Kumgombeza hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni ndoo safi yenye mfuniko karibu na kitanda, taa ndogo ya sola, na ubao au kamba ukutani ya kushikia anapoinuka. Nimeona watu wakinunua feni ya shilingi elfu hamsini huku mzee akiendelea kukauka kwa kukosa ndoo.

Halafu kuna dawa. Baadhi ya vidonge vya presha na vya moyo vinafanya kazi kwa kumfanya mgonjwa akojoe zaidi ili maji yapungue mwilini. Vingine hupunguza kasi ya moyo, ambao wakati wa joto unatakiwa kwenda kasi. Zipo dawa za mzio, za usingizi na za magonjwa ya akili zinazozuia jasho. Zote hizo zina faida, na hakuna anayepaswa kuziacha kwa kusoma gazeti. Ila mzee anapokwenda kliniki mwezi Desemba, anayemsindikiza amuulize daktari waziwazi: joto linakuja, dozi hii ibaki hivihivi? Na maji anywe kiasi gani? Swali la pili lina uzito kwa wagonjwa wa moyo na figo, ambao wengine wameambiwa wapunguze maji. Wanaochoma insulini nao wasisahau kwamba dawa hiyo huharibika ikikaa kwenye chumba cha moto. Pasipo na friji, kuihifadhi ndani ya mtungi wa udongo uliowekwa kivulini na kuloweshwa husaidia sana.

Siku joto likimzidi, dalili zake hufanana na mambo mengine, na hapa ndipo familia nyingi hupotea. Mzee aliyekuwa akizungumza vizuri asubuhi anaanza kuropoka mchana. Anamwita mjukuu kwa jina la ndugu yake aliyekufa zamani. Anayumba, anatapika, kichwa kinamuuma. Ukimgusa ni wa moto, na ngozi inaweza kuwa kavu kabisa. Mmoja atasema malaria imempanda kichwani, mwingine atasema ni uzee, wa tatu atasema kuna mtu kamtumia kitu. Anapewa panadol na kufunikwa shuka.

Panadol haishushi joto la namna hii, na shuka linamwongezea hatari. Joto la mwili likifika nyuzi 40 na akili ikavurugika, hicho ni kiharusi cha joto, na kila dakika ya kuchelewa inaumiza ubongo, figo na ini. Mtoeni chumbani mumpeleke kwenye kivuli chenye hewa. Mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwili mzima au mmfunike kanga iliyolowa, kisha mpepeeni bila kuacha. Wekeni vitambaa vya maji baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kama hajitambui msimnyweshe chochote, maji yataingia kwenye mapafu. Mtu mmoja atafute usafiri wakati wengine wanaendelea kumpoza, na hata ndani ya bajaji aendelee kupepewa. Malaria ipimwe hospitali, bila shaka, lakini asikae nyumbani akipikika kwa kusubiri majibu.

Ukitazama takwimu za dunia utadhani Afrika haifi kwa joto. Mwaka 2020 watafiti Luke Harrington na Friederike Otto waliipitia kanzidata kubwa ya kimataifa ya majanga. Kwa Afrika iliyo kusini mwa Sahara, tangu mwaka 1900, waliyakuta mawimbi ya joto mawili tu, na jumla ya vifo 71. Ulaya, tangu 1980 peke yake, ilikuwa na mawimbi 83 na vifo zaidi ya 140,000. Hakuna anayeweza kuamini kwamba tofauti hiyo yote inatokana na ngozi zetu kuwa imara. Wenzetu wanahesabu, sisi tunazika.

Mara moja moja pazia hufunuka. Mwanzoni mwa Aprili 2024 joto lilipanda ukanda wote wa Sahel. Mji wa Kayes, nchini Mali, ulifika nyuzi 48.5. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na katika mji mkuu, Bamako, umeme ulikuwa ukikatika kwa saa nyingi, hivyo feni zilisimama na barafu ikawa adimu. Hospitali ya Gabriel Touré ilirekodi vifo 102 katika siku 4 za mwanzo za mwezi huo, ilhali Aprili nzima ya mwaka uliotangulia ilikuwa na vifo 130. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa na miaka zaidi ya 60. Tumejua haya kwa sababu hospitali moja ilifungua daftari lake na kulisoma kwa sauti.

Habari hiyo ya Bamako inatuhusu moja kwa moja watu wa pwani. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati ya kaskazi. Wazee wetu wengi waliofunga tangu utotoni huona kula mchana ni kama kuvunja ahadi, hata pale mwili unapokataa. Dini yenyewe imewapa ruhusa: mzee asiyeweza kufunga anatoa fidia, analisha maskini kwa kila siku, na hana dhambi. Mjukuu akilisema hilo halina nguvu. Imamu akilisema kwenye mawaidha kabla ya mwezi kuandama, linasikika, na naliomba jambo hilo kwa maimamu wa Tanga, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam.

Hija nayo. Juni 2024 joto kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudia ikatangaza vifo vya mahujaji 1,301. Asilimia 83 kati yao hawakuwa na vibali, hivyo walitembea masafa marefu juani bila mahema wala mabasi yenye kiyoyozi. Wengi wetu tunamjua mzee aliyeweka akiba miaka 30 kwa safari hiyo. Kumtafutia njia ya mkato ili aende kwa bei rahisi ni kumweka kwenye kundi hilo.

Sasa niseme ninaloliamini kuliko yote. Kinachomuua mzee wakati wa joto ni kukosa mtu wa kumwona. Ushahidi mzuri kuliko wote unatoka Chicago, Marekani, Julai 1995. Tarehe 13 kipimajoto kilifika nyuzi 41, umeme ukakatika katika maelfu ya nyumba, na kwa siku chache zilizofuata jiji likapata vifo 739 zaidi ya kawaida. Malori ya friji yalipanga foleni nje ya ofisi ya mchunguzi wa vifo kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi. Polisi walivunja milango na kukuta wazee wamekufa kwenye vyumba ambavyo madirisha yake yalikuwa yamefungwa, wengine kwa kuogopa wezi.

Mwanasosholojia Eric Klinenberg, aliyezaliwa katika jiji hilo, alichukua mitaa miwili inayopakana, North Lawndale na South Lawndale. Yote miwili ilikuwa na umaskini, na yote ilikuwa na wazee wengi wanaoishi peke yao. Lakini kiwango cha vifo North Lawndale kilikuwa takriban mara 10 ya kile cha jirani yake. Tofauti aliikuta barabarani. South Lawndale ilikuwa na maduka, masoko, watu kwenye vibaraza, makanisa yaliyojaa. Mzee alikuwa na sababu ya kutoka na mahali pa kwenda kupoa, na asipotokea mtu aliuliza. North Lawndale viwanda vilikuwa vimefungwa, maduka yameondoka, viwanja vimebaki magofu, na wauza dawa za kulevya wamekamata kona. Mzee alijifungia. Klinenberg aliona pia kwamba wanaume wazee walikufa kwa wingi kuliko wanawake, kwa sababu wengi wao walikuwa wamepoteza mawasiliano na watoto na marafiki.

Miaka minne baadaye, 1999, joto kali lilirudi Chicago. Safari hii jiji lilituma polisi na wafanyakazi wake kugonga milango ya wazee, likafungua vituo vya kupoa na mabasi ya bure ya kuwapeleka. Vifo vilikuwa zaidi ya 100. Ni vingi, na kila kimoja kina familia yake, lakini si 739.

Msomaji atasema hayo ni ya Wazungu, kwetu mzee hakai peke yake. Napenda iwe hivyo. Lakini hesabu saa. Baba na mama wanaondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi foleni ya Mbagala au Gongo la Mboto, wanarudi saa mbili usiku. Watoto wako shule. Dada wa kazi ameondoka na hajapatikana mwingine. Bibi aliyeletwa mjini kutoka kijijini kwa ajili ya matibabu, asiyemjua jirani hata mmoja, amefungiwa geti kwa usalama wake na kuachiwa chakula mezani. Kwenye hesabu ya kaya ana watu sita. Kwenye saa za joto yuko peke yake kama yule wa North Lawndale. Kijijini hali ni nyingine: vijana wamekwenda mjini, na mzee ameachiwa wajukuu wawili wadogo ambao yeye ndiye anayewatazama.

Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania takriban milioni 3.5 wenye miaka 60 na zaidi, asilimia 5.7 ya watu wote. Nchi ilipata Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003, na hospitali za serikali zina dirisha la wazee. Ni mambo mema. Lakini dirisha linamsubiri mzee afike, na mwenye kiharusi cha joto hafiki kwa miguu yake.

Mwaka huohuo wa 2003 Ufaransa ilipoteza watu karibu 15,000 kwa joto la Agosti, wengi wao wazee, wakati familia ziko likizoni. Mapema Septemba, katika makaburi ya Thiais karibu na Paris, walizikwa watu 57 ambao hakuna ndugu aliyejitokeza kuwachukua. Rais Jacques Chirac alihudhuria. Nchi iliona aibu, na mwaka uliofuata ikatunga sheria inayomtaka kila meya awe na daftari la wazee na walemavu walio wapweke, wanaojiandikisha kwa hiari yao, ili tahadhari ya joto ikitolewa wapigiwe simu na kutembelewa.

Daftari hilo sisi tunaweza kuliandika kwa gharama ndogo kuliko Wafaransa, kwa sababu watu wa kuliandika tunao. Tuna wajumbe wa mashina wanaojua nani amelala wapi, mabaraza ya wazee, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao Tanzania ilizindua mpango wao Januari 2024. Kenya ilizindua jeshi la wahudumu 100,000 kama hao Septemba 2023 na kuwapa mikoba yenye vipimo vya presha na joto la mwili. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri kila siku. Kinachokosekana ni uzi wa kuunganisha utabiri huo na mlango wa mzee.

Kwenye mtaa kazi yenyewe ni nyepesi. Orodha ya wazee wanaolala peke yao au wanaobaki peke yao mchana. Kijana mmoja kwa wazee watatu au wanne, anapita asubuhi na alasiri. Anabisha hodi, anasema shikamoo, na anasikiliza marahaba inavyoitikiwa. Sauti ikiwa nzito kuliko jana, au jibu likichelewa, anaingia. Anafungua dirisha, anamletea maji mkononi na kusubiri ayanywe, anamhamishia mkeka chini ya mwembe au kwenye baraza la msikiti. Shule na makanisa yenye paa refu yanaweza kuacha milango wazi mchana wakati wa kaskazi.

Mabati nayo yatazamwe. Jiji la Ahmedabad, India, lilipata vifo 1,344 zaidi ya kawaida Mei 2010. Mwaka 2013 likaanzisha mpango wa kukabili joto, na hatua mojawapo iliyofuata ni kupaka chokaa na rangi nyeupe kwenye mapaa ya nyumba za maskini ili yarudishe jua. Bati lililoshika kutu na lisilo na dari ni jiko, na rangi nyeupe husaidia kulipoza. Waliojenga Lamu na Mji Mkongwe kwa mawe ya matumbawe na kuta nene walilijua joto kuliko mafundi wengi wa leo, na naona fedheha kwamba nyumba za bei nafuu tunazowajengea watu sasa zimelisahau.

Kaskazi huanza Desemba. Wenyeviti wa mitaa wa Temeke, Ilala na Tanga, masheha wa Unguja na Pemba, machifu wa Likoni na Malindi, waanze kuandika majina hayo Oktoba.